Vali ya springi, ya vakyumu au ya mota: ipi inafaa ekzosi ya gari ya Unguja

Kijana alinijia gereji Mwanakwerekwe na gari inayolia. Injini ilikuwa nzima. Mlio ulitoka nyuma, tiki tiki tiki, kama kijiko kinachogonga ndani ya sufuria tupu kila gari inaposimama kwenye foleni. Akikanyaga mafuta unanyamaza. Gari yenyewe ya Kijapani, silinda 6, anabebea wageni kutoka uwanja wa ndege hadi Jambiani. Akirudi hapakii abiria. Hupakia magunia ya mwani wa mama yake, mengine yakiwa bado yanachuruzika maji ya bahari, na maji yale hupenya kwenye mshono wa sakafu ya nyuma yakadondokea juu ya tungi la ekzosi, lile kopo kubwa la kuzima kelele.

"Ami, mmoja kaniambia nikate nitie bomba tupu. Mwengine kasema nitafute ile vali ya umeme, ndiyo ya kisasa. Wewe wanishauri nini?"

Swali hili naletewa mara kwa mara, na kila mara naona mtu ameshatajiwa bei ya kila kitu, lakini hajaambiwa kitu hicho kitaharibika vipi. Mimi huanzia hapo hapo. Vali, yaani kilango cha kufunga na kufungua njia ya moshi, yoyote utakayoifunga chini ya gari kisiwani hapa itaharibika siku moja. Nataka ujue mapema: ikifa, itakuacha njia ya moshi ikiwa wazi au imezibwa? Na siku hiyo, nani hapa kwetu ataweza kuitengeneza?

Tungi la kijana yule lilikuja na vali ya springi kutoka kiwandani, ndani kabisa, na mwenyewe alikuwa hajui. Wenye gari za injini kubwa wengi hawajui. Kabla hujanunua chochote, ingia chini ya gari ekzosi ikiwa imepoa, ulipige tungi kwa kiganja. Ukisikia kitu chepesi kinacheza ndani, huenda ni vyumba vya ndani vimeachia, na huenda ni kibao cha vali.

Vali ya springi

Umewahi kuona mlango uliofungwa kipande cha mpira kwa nyuma ili ujirudishe wenyewe? Ukiusukuma unafunguka, ukiuachia unajifunga. Vali ya springi ni mlango huo, na anayeusukuma ni moshi.

Ndani ya bomba kuna kibao cha duara kilichoshikwa na pini. Pini haipiti katikati ya kibao, imesogezwa kando kidogo, kwa hiyo upande mmoja wa kibao ni mpana kuliko wa pili. Moshi unasukuma pande zote mbili, upande mpana unashinda, kibao kinageuka. Springi nayo inakivuta kirudi. Moshi ukiwa mchache springi inashinda, ukiwa mwingi moshi unashinda. Vali zilizotengenezwa vizuri zina ujanja mmoja zaidi: kibao kikishaanza kufunguka, springi inabadilisha pembe yake ya kuvuta na inakuwa na nguvu ndogo ya kukirudisha, kwa hiyo kinafunguka chote badala ya kuning'inia nusu njia na kuusumbua moshi.

Faida yake ni nini? Injini ya silinda 4 ikizunguka mara 1,500 kwa dakika hutoa mapigo 50 ya moshi kwa kila sekunde. Ya silinda 6 hutoa 75. Mapigo ya namna hiyo ndiyo ule mvumo mzito unaotetemesha vioo na kumkaa mtu kifuani safari nzima. Tungi dogo haliwezi kuuzima. Kibao kikifunga, moshi unalazimika kuzunguka njia ndefu, chumba hadi chumba, tundu hadi tundu, na mvumo unapungua. Ukikanyaga mafuta, kibao kinafunguka na moshi unapata njia ya mkato, injini haitumii nguvu zake kuusukuma.

Ninachokipenda zaidi kwenye vali hii ni kwamba inafuata moshi wenyewe, haifuati mshale wa mizunguko. Chukua gari iliyojaa watu inapanda mlima kwenye njia ya Mkoani kwenda Chake Chake, mizunguko 3,000, mguu umezama. Moshi ni mwingi, kibao kiko wazi. Gari ile ile inashuka upande wa pili kwa mizunguko ile ile 3,000, mguu umeondoka kwenye mafuta. Moshi ni mchache sana, kibao kimejifunga, gari imetulia. Hakuna waya uliokiambia kitu hicho. Hakuna sensa, hakuna kontrol boksi, ile kompyuta ya gari.

Lakini kwa sababu hiyo hiyo springi lazima iwe saizi ya injini. Injini ya lita 1.5 ikifunguliwa mafuta yote kwa mizunguko 3,000 humeza kama lita 2,250 za hewa kwa dakika. Ya lita 3.5 humeza kama 5,250. Na hewa hiyo ikitoka nyuma ikiwa na joto la nyuzi 400 inataka nafasi zaidi ya mara mbili ya ile iliyoingia nayo. Ukichukua vali iliyotoka kwenye gari kubwa, ukaibandika kwenye gari ndogo kwa sababu umeipata rahisi, springi itamshinda moshi kila siku. Gari itakuwa kimya kweli, na itakuwa nzito kama inavuta tela. Nimeshawahi kuletewa gari ya hivyo, imebadilishwa plagi, pampu ya mafuta na chujio, na ugonjwa ulikuwa nyuma kwenye ekzosi.

Inavyokufa sasa. Kwanza inaishiwa kile kipande cha nyavu ya waya laini ambacho kibao hutua juu yake kinapofunga. Kikiisha, chuma kinatua juu ya chuma, na ndiyo ile tiki tiki ya kijana wangu. Hilo ni kero tu. Pili, springi inalegea au kukatika: kibao kinabaki kinapepea, gari inavuma na kugonga, ila inatembea na nguvu zake zote. Tatu ndiyo ya kuogopa: pini inaganda kwa kutu kibao kikiwa kimefunga. Hapo gari inaenda vizuri mjini, na ukitoka njia ya Kusini ukataka kumpita mtu inakataa. Bahati nzuri zile za ndani ya tungi huacha njia ya pili ya moshi, ile ndefu, kwa hiyo hata ikiganda utafika nyumbani.

Nalo tatizo la kukaa ndani ya tungi ni hilo hilo la kukaa ndani: huwezi kuigusa mpaka ukate. Ukiwa unanunua leo, tafuta ile ambayo springi iko nje ya bomba, inaonekana kwa macho. Springi ya nje inapigwa na upepo, haichemki kama ya ndani, na siku ikikatika unaiona.

Vali ya vakyumu

Hii ina kibao kama kile, lakini pini yake imeshikwa na fimbo inayotoka kwenye kikopo kama cha maziwa ya watoto kilichobanwa. Ndani ya kikopo kuna kiwambo cha mpira. Uvutaji wa hewa wa injini unaletwa kwa mpira mwembamba, solenoidi, swichi ya hewa inayoendeshwa na umeme, inafungua au kuziba, kiwambo kinavuta fimbo, kibao kinageuka. Chevrolet Corvette zilitumia namna hii kwa miaka, na gari kadhaa za Kijerumani pia.

Tabia yake nzuri ni ya kufa ikiwa wazi. Nyingi zimepangwa hivi: vakyumu ndiyo inayofunga, ikipotea springi ndani ya kikopo inafungua. Mpira ukipasuka gari inapiga kelele, basi. Nguvu zipo.

Tabia mbaya ni kwamba mpira huo unapita chini ya gari, karibu na bomba la moto, mahali ambapo kila jiwe la barabara linafika. Ukipasuka kati ya injini na solenoidi, injini inaanza kuvuta hewa ya wizi. Gari inakosa utulivu ikiwa imewashwa tu, inapanda inashuka, na fundi asiyejua anakimbilia kuosha nozeli. Kwa gari ya dizeli ni taabu zaidi, kwani injini ya dizeli haina uvutaji wa maana wa kwake, mpaka iwe na pampu ya vakyumu.

Hata hivyo naiheshimu. Kuipima hakuhitaji mashine: chomoa mpira kwenye kikopo, tia kipande kingine kisafi, vuta kwa mdomo, ziba kwa ulimi. Fimbo ikisogea na kubaki pale pale, kiwambo kizima. Ikirudi taratibu, kimetoboka. Na mipira ya vakyumu inapatikana Darajani, huhitaji kuagiza Dubai.

Vali ya mota

Hii ndiyo wanayoiita ya kisasa, na kwa kweli inaweza mambo ambayo mbili za mwanzo haziwezi. Yamaha walifunga vali ya mota kwenye ekzosi za pikipiki zao tangu 1987, wakaiita EXUP: kimota kinavuta kebo, kebo inageuza vali kwa kufuata mizunguko ya injini, na pikipiki ya mwendo kasi ikapata nguvu ya chini iliyokuwa haina. Ford nao waliifunga kwenye Mustang ya 2018, na mwenye gari anaweza kuiambia iwake kimya alfajiri asiwaamshe majirani. Naitamani tabia hiyo katika mitaa yetu. Mtu anayetoka Kikwajuni saa kumi na moja alfajiri, nyumba zimebanana, watu ndio kwanza wanarudi kutoka kuswali, angeitumia kila siku.

Vali hii inakaa popote unapoiambia: robo, nusu, yote. Springi haiwezi hivyo, wala vakyumu, ambayo kwa kawaida ni ya kufunga au kufungua tu.

Lakini njoo utazame plagi yake baada ya misimu miwili ya kusi. Mwaka juzi niliifungua moja kwenye gari iliyokuwa ikilala Paje, hatua chache tu kutoka ufukweni. Mpira wa kuzuia maji ulikuwa umekauka, na pini za shaba ndani zilikuwa zimegeuka unga wa kijani, ukizipuliza zinaruka. Mota yenyewe ilikuwa nzima. Meno ya plastiki ndani yake yalikuwa mazima. Kilichoiua ni chumvi kwenye plagi, mahali padogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Kibao kilikuwa kimesimama nusu, pale pale mota ilipokufa, kwa sababu nyingi za namna hii zikikosa umeme hubaki zilipo. Zipo zenye springi ya kuzirudisha wazi, na kama huna budi kununua ya mota, ulizia hiyo.

Kontrol boksi ikikosa taarifa ya vali inawasha taa ya injini kwenye dashibodi, na gari nyingine hujipunguzia nguvu zenyewe. Utahitaji mashine ya kusoma, na mtu anayeielewa. Wapo mjini, tena hodari. Ukiwa Konde au Makangale siku hiyo, safari ni ndefu.

Kuna na zile za kununua mtandaoni, zenye rimoti, za kufungwa kwenye gari yoyote. Nyingi nilizoletewa zina kibao kizuri na mota isiyozibwa vizuri, hakuna hata kifuniko cha maana juu ya plagi. Kwa gari ya maonesho sina neno. Kwa gari inayotafuta riziki, hapana.

Kutokuwa na vali kabisa

Hapa watu wanachanganya vitu viwili. Tungi la kawaida lisilo na vali ni kitu cha heshima. Gari nyingi tulizonazo, IST, Vitz, Carry, ndilo waliloletwa nalo na linawatosha. Injini ya lita 1.3 au 1.5 haitoi moshi wa kukusumbua. Ukiwa na gari ya namna hiyo usinunue vali yoyote katika hizi tatu, fedha yako ikae.

Bomba tupu ni habari nyingine. Mtu anakata tungi, anachomelea bomba moja kwa moja, anaambiwa gari itakuwa nyepesi. Kwenye silinda 6 iliyotoka kiwandani na vali, ukiondoa tungi unapata mvumo ule wa mapigo 75 ndani ya gari safari nzima, na wageni wako watauhisi kabla ya kufika Tunguu. Nje ni zaidi. Njia zetu za mjini zina kuta za mawe pande zote mbili, sauti haina pa kwenda. Nimeshasimama msikitini, imamu anasoma, gari ya bomba tupu ikapita barabarani na safu nzima ikapoteza aya. Siwezi kumtengenezea mtu kitu hicho nikalala.

Na wanapokata, mara nyingi wanafupisha. Bomba linaishia chini ya sakafu badala ya kutoka nyuma ya bampa. Moshi wa petroli una hewa ya kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, na gari ikiwa imewashwa imesimama na kiyoyozi, hewa hiyo inapanda kupitia mashimo ya sakafu. Watoto wamelala kiti cha nyuma. Tafadhali, chochote utakachochagua, bomba litoke nje kabisa.

Chumvi, maji na springi ya baiskeli

Hapa ndipo ninapotaka ukae nami kidogo, kwani uchaguzi wa aina ya vali ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ni chuma.

Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita nzima ya maji, yakiwa mvuke. Safari ndefu inachemsha tungi na mvuke unatoka wote. Safari zetu nyingi ni za Amani hadi Darajani, za kupeleka mtoto skuli na kurudi. Tungi halijapata moto, mvuke unageuka maji humo humo, unakaa chini, unakula bati kutoka ndani. Nje chumvi ya upepo inakula kutoka upande wa pili. Kwa gari ya kijana wangu ongeza maji ya mwani, ambayo ni bahari yenyewe inayodondoka juu ya chuma cha moto: maji yanakauka, chumvi inabaki, kesho inaongezwa nyingine.

Nilipolikata tungi lake kwa grainda, kilichomwagika kilikuwa magamba mekundu, mengi ya kujaza kikombe. Kibao kilikuwa kizima. Pini ilikuwa imeliwa upande mmoja mpaka imekuwa nyembamba katikati kama kiuno cha nyigu, na kile kipande cha nyavu kimebaki nyuzi tatu.

Njoo na sumaku unaponunua. Tungi nyingi za viwandani ni stenlesi ya daraja la 409, yenye kromiamu kama asilimia 11. Sumaku inaishika, na hupata wekundu wa juu juu mapema, lakini inavumilia kuliko bati la kawaida. Daraja la 304 ina kromiamu kama 18 na nikeli kama 8, sumaku haiishiki, na kwa kisiwa ni bora zaidi. Chumvi huitoboa nayo vitundu vidogo, taratibu. Daraja la 316 inavumilia chumvi zaidi ya hizo. Mafundi wa boti wanaijua. Kibao na pini zikiwa 304, umeshanunua miaka.

Springi ina hesabu yake, na hii nilijifunza kwa kuharibu kazi ya mtu. Zamani nikiwa ndiyo kwanza naanza, mzee mmoja wa Bububu aliniletea vali yenye springi iliyokatika. Sikuwa na nyingine. Nikafunga springi ya stendi ya baiskeli, ikalingana urefu na nguvu, nikamrudishia gari yake nikiwa nimefurahi. Wiki mbili baadaye alirudi. Springi ilikuwa imelegea kama utepe, haijakatika, haina kutu, imelegea tu. Sikumtoza, na nikaenda kuuliza wanaojua. Waya wa kawaida wa springi huanza kupoteza nguvu joto likivuka nyuzi 120 hivi. Wa stenlesi hufika karibu na 290. Ule wa nikeli unaoitwa Inconel hupita 500. Springi iliyo nje ya bomba, nyuma karibu na tungi, ya stenlesi itadumu. Iliyo ndani ya moshi inataka Inconel, na muuzaji asiyejua springi yake ni ya nini hajui anachokuuzia.

Neno dogo kwa wenye Canter na Isuzu

Malori mengi ya dizeli yana kibao kwenye ekzosi, karibu na injini, kinachofunga kwa vakyumu au kwa upepo ukibonyeza swichi. Hiyo ni breki. Inazuia moshi kusudi injini ishike gari kwenye mteremko. Nimeona lori la karafuu kutoka Pemba limeondolewa kibao hicho kwa sababu fundi alidhani ni vali ya kelele iliyoganda. Kikiganda, kisafishwe na kupakwa grisi ya joto kali. Kisiondolewe. Kwa ile milima ya Pemba na lori limejaa, breki za miguu peke yake zinachemka.

Sasa ipi kwa nani

Injini chini ya lita 2, matumizi ya mjini: tungi la kawaida, zuri, bila vali.

Injini kubwa, gari ya kazi, inalala karibu na bahari au inazunguka mashamba: vali ya springi, springi ya nje, kibao na pini vya 304. Hapa sina wasiwasi hata kidogo. Ina vitu vichache vya kufa, na fundi wa kuchomelea yeyote, awe Mkokotoni au Mtambile, anaweza kuifungua na kuielewa kwa kuitazama.

Gari iliyokuja na ya vakyumu kutoka kiwandani na bado inafanya kazi: iache. Badilisha mipira yote kila baada ya miaka michache kabla haijapasuka, na mpira mpya uupitishe mbali na bomba. Kuing'oa uweke ya springi ni gharama isiyo na sababu.

Ya mota namshauri mwenye gari inayolala ndani ya banda mjini, ana mtu wa kompyuta, na gari yenyewe ilitoka kiwandani nayo. Huyo asiiondoe, kontrol boksi inaitafuta. Apake grisi ya umeme kwenye plagi kabla ya masika na kabla ya vuli, achunguze mpira wa kuzuia maji. Kuifunga mpya kwenye gari isiyokuwa nayo sioni inamsaidia nani hapa.

Na kama unasitasita kati ya springi na tungi la kawaida kwa sababu gari yako ni ya lita 2 au 2.4, pale katikati, pima kwanza. Fundi achomoe sensa ya oksijeni mbele ya masega, kile kisafisha moshi chenye vitundu kama sega la nyuki, afunge geji kwenye tundu lake. Gari ikiwa imewashwa tu, mgandamizo wa moshi usizidi kilopaskali (kPa) 10 hivi. Kwa mizunguko 2,500 usizidi 20 hivi. Ukiwa ndani ya hapo, na gari haivumi, huna ugonjwa wa kutibiwa kwa vali. Ukizidi, angalia masega kwanza. Mara nyingi ndiyo yaliyoziba, na vali yoyote utakayoweka nyuma yake haitasaidia.

Kijana wa Jambiani tulimfungia tungi jipya la 304 na vali ya springi mbele yake, springi ikitazama upande wa dereva, mbali na pale maji yanapodondoka. Mshono wa sakafu tuliuziba, na nilimwambia atandike karai kubwa la plastiki chini ya magunia. Baada ya mwezi mmoja alirudi kunionesha. Nikaingia chini ekzosi ikiwa baridi, nikakigeuza kibao kwa bisibisi pale springi ilipo nje ya bomba, nikakiachia. Kilirudi kwa mara moja, tap, kikatulia bila kutetemeka. Nilimwambia afanye hivyo mwenyewe kila anapobadilisha oili, na siku kitakaporudi taratibu, aje kabla hakijakataa kurudi.